Waya Nao Hula: Kanuni Tatu za Umeme Zimfaazo Kila Mwenye Nyumba

Mtu asafiriye kwa barabara kutoka Kisumu kwenda Kericho hupita Ahero penye mashamba ya mpunga, na baada ya maili chache hufika Awasi, penye soko na maduka, na malori ya miwa yakipita. Akisimama hapo wakati wa jioni ataona taa zikiwaka madukani, kinyozi akinyoa kwa mashine, simu zikitiwa chaji, na kinu cha kusaga mahindi kikinguruma. Yote hayo yafanywa na umeme, ambao wengi wetu twauita stima.

Lakini akikaa kidogo, huenda akaona jambo jingine. Kinu kikiwashwa, taa za jirani hufifia kwa kitambo, kisha hurudi kama zilivyokuwa. Wengine husema umeme umechoka. Wengine husema kinu kimewaibia jirani. Neno hili la pili si kweli kamili, ila liko karibu zaidi na kweli. Anayekula si kinu peke yake. Waya wenyewe nao hula.

Watu wengi hudhani kuwa waya ni njia tu, na kwamba kila kinachoingia upande mmoja hutoka upande wa pili bila kupungua. Dhana hiyo imeunguza nyumba nyingi. Katika makala haya twataka kueleza kanuni tatu ambazo mafundi wote wa umeme duniani huzitumia, kisha tuzipime kwa hesabu ndogo ambayo mtoto wa shule aweza kuifuata. Msomaji akizishika, ataweza kujua mapema ni waya upi utakaomletea hasara, na ni kifaa kipi kitakachomlinda yeye na wanawe.

MSUKUMO, MKONDO NA UKINZANI

Yafaa tuanze na maneno matatu. La kwanza ni msukumo, yaani nguvu inayousukuma umeme, nao hupimwa kwa volti. Nyumba za Kenya hupata msukumo wa volti 240. La pili ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita mahali fulani katika kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. La tatu ni ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo usipite upesi, nao hupimwa kwa omu.

Mkulima wa Ahero hatapata taabu kuyaelewa maneno haya. Katika skimu ile ya mpunga maji ya mto Nyando huvutwa kwa pampu, yakaingizwa katika mfereji mkubwa, kisha yakagawanywa katika mifereji midogo hadi majarubani. Pampu ndiyo msukumo. Maji yapitayo ndiyo mkondo. Na mfereji mwembamba ulioota majani na kujaa tope ndio ukinzani. Kila mkulima ajua kwamba mfereji wa namna hiyo hupitisha maji machache, hata kama pampu ni ile ile.

Aliyeyaunganisha mambo haya matatu kwa hesabu alikuwa mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi wa makufuli. Alikuwa akifundisha shule katika mji wa Cologne, akafanya majaribio yake kwa nyaya za unene na urefu mbalimbali, na mwaka wa 1827 akatoa kitabu. Mwanzoni wataalamu wengi wa nchi yake hawakukithamini. Heshima ilimjia baadaye: mwaka wa 1841 wanachuoni wa Royal Society ya London walimtunuku nishani yao kuu ya Copley, na leo ulimwengu wote hupima ukinzani kwa jina lake.

Kanuni ya Ohm ni fupi: mkondo ni msukumo kugawanywa kwa ukinzani. Ukiwa na volti 240 na kifaa chenye omu 48, utapata ampea 5. Ukizidisha msukumo mara mbili, mkondo huzidi mara mbili. Ukizidisha ukinzani mara mbili, mkondo hupungua ukawa nusu.

Waya nao una ukinzani wake. Ukiurefusha mara mbili, ukinzani huwa mara mbili. Ukichukua waya ambao shaba yake ni nene mara mbili, ukinzani huwa nusu. Tena kuna tofauti ya madini: chuma huzuia umeme zaidi ya mara tano kuliko shaba, na ile nikromu iliyomo ndani ya pasi na birika la umeme huzuia zaidi ya mara sitini. Ndiyo sababu nikromu huwa nyekundu kwa joto hali waya wa shaba unaoilisha hubaki baridi, endapo waya huo umechaguliwa vema.

KANUNI MBILI ZA KIJANA WA MIAKA 21

Mwaka wa 1845 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Königsberg, Gustav Kirchhoff, mwenye umri wa miaka 21, aliongeza kanuni mbili zinazotuwezesha kuhesabu umeme hata pale nyaya zinapogawanyika na kukutana tena.

Ya kwanza yasema hivi: mahali popote nyaya zinapokutana, jumla ya mkondo unaoingia ni sawa na jumla ya mkondo unaotoka. Mkulima ataikubali mara moja. Maji yakifika kwenye panda ya mfereji, yale yanayokwenda kulia na yale yanayokwenda kushoto, ukiyajumlisha, ni yale yale yaliyofika. Tofauti ni moja tu: mfereji wa udongo huvujisha kidogo, lakini waya mzima hauvujishi chochote. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana mwisho wa makala tutaona kwamba laweza kuokoa maisha.

Kanuni ya pili yahusu msukumo. Tuseme mtu ameondoka mlangoni kwake Awasi, akapanda hadi Kericho kwenye chai, kisha akarudi kwa njia nyingine, akipanda vilima na kushuka mabonde. Atakaporudi mlangoni pake, jumla ya kupanda kwake itakuwa sawa na jumla ya kushuka kwake. Hakuna aliyepata kurudi nyumbani akakuta mlango umepanda juu. Ndivyo ulivyo umeme. Ukiuzunguka mzunguko wote, volti zilizotolewa zitakuwa sawa na volti zilizotumika njiani, bila kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo kila volti inayotumiwa na waya ni volti ambayo taa yako haitaipata.

Kutokana na kanuni hizi twapata njia mbili za kuunga vifaa. Vikiungwa kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine, mkondo wa vyote ni mmoja, na ukinzani wao hujumlishwa. Vikiungwa kwa sambamba, kila kimoja kikiwa na njia yake, msukumo wa vyote ni mmoja, na mikondo yao hujumlishwa. Katika njia hii ya pili ukinzani wa jumla hupungua, kwa kuwa kila kifaa kipya ni mfereji mwingine uliofunguliwa. Ili kuupata ukinzani wa vifaa viwili vya sambamba, uzidishe omu za kimoja kwa omu za kingine, kisha ugawanye kwa jumla yao.

Taa na soketi za nyumba huungwa kwa sambamba, na kwa sababu hiyo taa moja ikiungua nyingine huendelea kuwaka. Lakini waya uletao umeme nyumbani uko katika mfuatano na vifaa vyote. Mkondo wa kila kifaa sharti upite humo. Hapo ndipo shida inapoanzia.

HESABU YA DUKA MOJA

Tufanye mfano. Mtu amefungua kibanda cha chai sokoni, naye hana mita yake mwenyewe. Amekubaliana na jirani aliye umbali wa meta 50 amvutie umeme. Kufanya hivyo bila idhini ya kampuni ya umeme ni kuvunja sheria, lakini watu hufanya, na ni heri waone wanachokifanya. Amenunua waya wa bei rahisi, ambao shaba yake ina unene wa milimita mraba 1. Umeme hauna budi kwenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa shaba ni meta 100. Waya wa namna hiyo, pamoja na maungio yaliyosokotwa kwa mkono, tuseme una ukinzani wa omu 2.

Asubuhi anawasha birika la wati 2,000, ambalo ukinzani wake ni omu 28.8. Birika na waya viko katika mfuatano, basi jumla ni omu 30.8. Gawanya volti 240 kwa 30.8, utapata ampea 7.8 hivi. Waya unatumia volti 15.6, na birika linabakiwa na volti 224. Chai itachelewa kidogo tu, na mwenye duka hataona lolote.

Baadaye ndugu yake analeta pasi ya wati 1,200, yenye omu 48, waanze kupiga nguo za watu pasi papo hapo. Sasa birika na pasi viko katika sambamba. Zidisha 28.8 kwa 48, ugawanye kwa 76.8, utapata omu 18. Ongeza omu 2 za waya: jumla omu 20. Gawanya 240 kwa 20, mkondo ni ampea 12. Waya unachukua volti 24, na kibandani zinabaki 216. Tukitazama kanuni ya Kirchhoff ya kwanza, tutaona hesabu haikukosea: birika linapata ampea 7.5, pasi ampea 4.5, na jumla yake ni 12 kamili.

Volti 24 zimekwenda wapi? Zimegeuka joto katika waya. Joto hilo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Birika lilipokuwa peke yake, waya ulikuwa ukitoa joto la wati 121. Pasi ilipoongezwa, umetoa wati 288. Tazama vizuri, ndugu msomaji: mkondo umezidi kwa nusu tu, lakini joto limezidi zaidi ya mara mbili. Hilo ndilo jambo linalowadanganya watu. Huongeza kifaa kimoja kidogo, wakadhani wameongeza hatari kidogo.

Waya ukitandazwa hewani, joto hilo litapotea njiani. Lakini mara nyingi kipande kilichobaki huviringishwa kikatupwa pembeni, au hupitishwa chini ya mkeka, au hufungwa kwenye mti wa paa la nyasi. Hapo joto halina pa kwenda. Mpira wa waya hulainika, kisha hunuka, kisha nyaya mbili za ndani hugusana. Maungio yaliyosokotwa ni mabaya zaidi, kwa kuwa ukinzani wao umekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Na fyuzi je? Waya wa unene huo huruhusiwa kubeba ampea 10 hivi. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Mkondo wetu ni ampea 12. Fyuzi itanyamaza kimya hali waya umekwisha pita kiasi chake. Tena wako watu ambao fyuzi ikikatika huweka msumari au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake, na kusema kuwa sasa haitawasumbua tena. Kweli haitawasumbua, kama vile mlinzi aliyefungwa mdomo asivyousumbua usingizi wa mwenye mali.

Dawa ni rahisi. Mtu yule angalinunua waya wa milimita mraba 2.5, ukinzani wake ungalikuwa omu 0.8 hivi. Kibanda kingalipata volti 230, na joto la waya lingalikuwa wati 130 badala ya 288, tena katika waya ulioundwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Bei ingalizidi, lakini si kama bei ya duka zima.

Na sasa twaweza kumjibu yule aliyeshangaa taa kufifia. Mota ya kinu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kazi yake ya kawaida. Mkondo huo wote hupita katika waya ule ule unaowalisha majirani. Waya hula volti nyingi kwa kitambo, na taa zikapungukiwa. Mota ikishika mwendo, mkondo hushuka, na volti hurudi.

VOLTI 12 NA VOLTI 132,000

Wasomaji wenye taa za nguvu za jua wasidhani kuwa mambo haya hayawahusu. Betri zao nyingi ni za volti 12. Waya wetu wa omu 2 ukipitisha ampea 1 tu, hula volti 2. Katika nyumba ya volti 240 hakuna atakayejua. Lakini volti 2 katika 12 ni sehemu moja ya sita, na taa itafifia, na mwenyewe atamlaumu aliyemuuzia betri. Mwenye umeme wa jua anahitaji waya mnene na mfupi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa sababu iyo hiyo umeme wa masafa marefu hupelekwa kwa volti nyingi mno. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka wa 1954, na mwaka wa 1958 Kenya ilianza kupokea umeme wake kwa nyaya za volti 132,000 zilizotoka Tororo hadi upande wa Nairobi. Volti hizo ni mara 550 ya volti 240. Kazi ile ile ikipelekwa kwa msukumo mkubwa mara 550, mkondo huwa mdogo mara 550, na upotevu katika waya ule ule hupungua mara 302,500. Umeme wa Sondu Miriu, mitambo iliyojengwa si mbali na Awasi yenye uwezo wa megawati 60, husafirishwa kwa kanuni iyo hiyo, kisha transfoma hupunguza volti karibu na nyumba zetu.

MWILI WA MTU NAO NI WAYA

Limebaki jambo kubwa kuliko yote. Watu husema umeme hufuata njia rahisi. Neno hilo halikutimia. Umeme hufuata njia zote zilizo wazi, kila moja kwa kadiri ya ukinzani wake: yenye ukinzani mdogo hupata mkondo mwingi, yenye ukinzani mkubwa hupata mchache, lakini hakuna inyimwayo. Mtu akigusa waya ulio wazi huku amesimama ardhini, amekuwa njia mojawapo.

Mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000: ni robo ya ampea, chini kidogo. Hata sehemu moja ya kumi ya ampea yatosha kuusimamisha moyo. Sasa ilinganishe na ile fyuzi ya ampea 13. Mtu atakufa kwa robo ya ampea, na fyuzi haitajua kuwa kuna jambo lililotokea, kwa kuwa kazi ya fyuzi ni kulinda waya, wala si kumlinda mtu. Katika uwanda wa Kano, ambako Nyando hufurika na maji huingia majumbani hadi kwenye soketi, ni wajibu kila mtu alijue hili. Maji yakiingia, swichi kuu izimwe kabla hayajafika, na asiizime mtu aliyesimama majini.

Kipo kifaa kiwezacho kumlinda mtu, nacho chafanya kazi kwa kanuni ya Kirchhoff ya kwanza. Ni swichi inayopima mkondo uendao nyumbani na mkondo urudio. Nyumba ikiwa salama, miwili hiyo ni sawa. Mkondo ukipita katika mwili wa mtu hadi ardhini, urudio hupungua. Tofauti ikifika sehemu tatu za mia za ampea, swichi hukata umeme wote katika sehemu ndogo ya sekunde. Haiwezi kumwokoa aliyeshika nyaya zote mbili, maana hapo hesabu husawazika. Lakini ajali nyingi ni za kugusa waya mmoja. Ina kitufe cha kujaribia, nacho yafaa kibonyezwe mara kwa mara ili kujua kama mlinzi yu macho.

Basi mwenye nyumba afanye mambo manne. Kwanza, kabla ya kuongeza kifaa, ajumlishe wati zote, agawanye kwa 240, apate ampea, kisha aulize kama waya wake waweza kuzibeba. Pili, akigusa waya au plagi akaona ina joto, azime, asingoje moshi. Tatu, asiweke fyuzi kubwa kuliko waya, wala msumari kamwe. Nne, kazi ya kuunga nyumba ampe fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, naye amwombe atie swichi ile ya kupima mikondo miwili.

Umeme hauna hasira wala upendeleo. Huhesabu tu, kila sekunde, bila kukosea. Nasi tukihesabu kabla yake, utatupikia chai na kutusagia unga. Tahadhari kabla ya hatari.